Getini tunasachiwa sisi tu: ni ubaguzi au utaratibu wa kampuni?

Kamwene wakuu. Kwa wanaoingia kwenye uzi sasa hivi: mleta mada ni mhasibu kijana, kaajiriwa kwenye shamba kubwa huko Mufindi. Anasema jioni wafanyakazi weusi wote wanasachiwa getini mpaka hotpoti zinafunuliwa, lakini magari ya Wazungu na la Mhindi wa manunuzi yanapita bila hata kusimama. Anauliza kama huo ni ubaguzi wa rangi au ni utaratibu tu. Tena yupo mtaalamu kijana kutoka Ulaya anayemwambia "niko upande wenu", na hajui amfanyie nini mtu huyo. Juu ya yote anaogopa kibarua kisije kikaota nyasi.

Mwanangu, mimi nimekaa ofisi za utumishi kwenye mashamba ya nyanda hizi, nikianzia chai nikamalizia miti. Kampuni sitaji, msinibane.

Niwamalize kwanza walioandika kwamba Tanzania hatuna ubaguzi wa rangi, huo ni wa Marekani na Afrika Kusini ya Makaburu. Wengine mmesoma Chuo cha Mkwawa pale Iringa. Majengo yale mkoloni aliyajenga mwishoni mwa miaka ya 1950 yakiwa shule ya watoto wa Kizungu, St Michael's and St George's. Shule zilikuwa za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika, kila moja na fungu lake la fedha, na mgawanyo huo ulifutwa rasmi Januari 1962. Wapo wazee mjini Iringa ambao wakati ule walikuwa na umri wa kwenda shule na wasingeweza kukanyaga pale labda kwa kufyeka majani. Serikali ya Uhuru ilifuta sheria. Mazoea ya nani apite na nani asimamishwe hayakuwa yameandikwa popote, kwa hiyo hayakuwa na karatasi ya kufutwa.

Sasa geti lako. Mimi nimelishughulikia geti kama hilo. Kanuni ya ulinzi ilikuwa imebandikwa kwenye kibanda cha walinzi, imefifia kwa jua: kila mtu na kila chombo kinachotoka kitakaguliwa. Kila mtu! Hakuna mahali palipoandikwa Mzungu apite. Nilipomuuliza mkuu wa zamu, mzee wa Kihehe mwenye adabu zake, akanijibu, "Mama, yule ni bosi, nitamfunguliaje buti?" Nikamwonyesha kwamba yule aliyepita sasa hivi si bosi wa mtu, ni fundi wa mashine aliyekuja kwa mkataba wa miezi michache, na meneja wa fedha, Mnyakyusa, ambaye kweli ni bosi, alikuwa amesimama pembeni ya gari lake huku mlinzi anapekua mkoba wa kompyuta. Mzee akacheka, halafu akanyamaza. Nikafungua daftari la getini. Kurasa na kurasa za majina yetu, saa ya kutoka, "amekaguliwa", sahihi. Wale wengine hawakuwemo kabisa, kana kwamba hawakuwahi kutoka kazini.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: ndiyo, ni ubaguzi, hata kama hakuna aliyekutukana na hata kama anayeutekeleza ni Mswahili mwenzako. Ndugu zetu walinzi ndio wanaobeba lawama, lakini ukichimba utakuta kuna mlinzi siku za nyuma alimsimamisha mgeni fulani, mgeni akapiga simu kwa meneja, mlinzi akahamishiwa zamu za usiku shambani. Waliobaki walijifunza bila kuambiwa.

Sheria iko wazi kuliko watu wanavyodhani. Katiba, ibara ya 13, inakataza kubaguliwa kwa rangi, kabila, dini na mengineyo. Kwa kazini shika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7. Kinakataza ubaguzi wa moja kwa moja na ule wa kuzungukia katika sera au mazoea yoyote ya kazi, na kinataja rangi, utaifa, kabila na mahali mtu alipotoka. Kunyanyaswa kwa misingi hiyo nako kunahesabiwa ubaguzi. Kitu ambacho wengi hawakijui: ukifika mbele ya chombo husika na ukaonyesha mazingira yanayoashiria ubaguzi, mzigo wa kuthibitisha kwamba haukutokea unahamia kwa mwajiri. Ndiyo maana lile daftari la getini lina thamani kuliko hotuba yoyote utakayotoa kantini.

Kuna mtu hapo juu ameingiza suala la mishahara ya wataalamu wa nje. Hilo lina njia yake, tusilichanganye na geti. Mgeni anapewa kibali cha kazi kwa sababu ujuzi wake unadaiwa haupatikani nchini, na Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015 inamtaka mwajiri awe na mpango wa kumwandaa Mtanzania arithi nafasi ile. Swali la kuuliza ni: huyo Mtanzania anayeandaliwa ni nani, na anafundishwa kweli au jina lake limejazwa kwenye fomu tu? Mimi nimewahi kukutana na kijana aliyegundua kwamba yeye ndiye "mrithi" wa nafasi fulani siku maofisa wa kazi walipokuja kukagua.

Tuje kwa Mzungu wako. Nimewaona wa aina mbili.

Mmoja alikuwa binti mwenye moyo mzuri kweli. Alisikia malalamiko ya wafanyakazi wa kitalu, akapanda moja kwa moja kwa meneja mkuu, akayamwaga yote kwa uchungu, na akataja majina ya waliomweleza ili aaminike. Yeye alirudi kwao mkataba wake ulipoisha. Mama aliyetajwa jina, aliyekuwa na miaka yake pale kitaluni, alijikuta amepelekwa kuhesabu miche kwenye shamba la mbali, na nauli juu yake. Binti yule hadi leo nadhani anaamini alitusaidia.

Wa pili alikuwa mtaalamu wa udongo, mkimya, Kiswahili cha kuungaunga. Siku moja jioni akaegesha pikapu nje ya mstari, akashuka na begi lake, akapanga foleni nyuma ya wachuma chai. Walinzi wakacheka, wakamwambia pita mzee. Akakataa. Foleni ikasogea, zamu yake ikafika, akafungua begi mwenyewe: mifuko ya udongo, koti la mvua, ndizi mbili. Mlinzi aliingiza mkono kama anagusa jiko la moto. Kesho yake tena, na kesho kutwa. Wenzake walimsema kwamba anajidhalilisha. Baada ya hapo akaomba kwenye kikao cha wakuu wa idara suala la geti liwe ajenda na liandikwe kwenye muhtasari, na alizungumzia yale aliyoyaona yeye kwa macho yake. Jina la mfanyakazi hakulitaja hata moja. Kabla ya kikao alikuja ofisini akaniuliza, "Nikisema hivi, nani ataumia?" Swali hilo pekee lilinitosha kumwamini. Utaratibu ulibadilika: wote wanakaguliwa, na meneja mkuu mwenyewe anasimama. Ilichukua muda, na kuna Wazungu wawili walinuna mpaka walipoondoka.

Kwa hiyo wako mpime kwa hilo. Anauliza nani ataumia, au anataka tu umwone mwema? Yuko tayari kuudhika na wenzake wanaokula naye, au ujasiri wake unaishia kwako pembeni? Na asikufanye mwalimu wake wa bure kila chai ya saa nne. Akitaka kujifunza, Jumamosi aende makumbusho ya Kalenga, jirani na Iringa mjini. Ataliona fuvu la Mtwa Mkwawa, chifu wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, na kusoma kwamba Mkataba wa Versailles wa 1919 uliagiza lirudishwe, lakini lilirudi 1954, baada ya Twining, gavana Mwingereza wa Tanganyika, kulifuata Ujerumani kwenye makumbusho ya Bremen na kulichambua kwa vipimo kati ya mafuvu mengine mengi. Ajiulize makumbusho yalikuwa na haja gani na vichwa vya watu. Akiwa na nafasi, aulizie Mgagao kule Kilolo, walipopiga kambi wapigania uhuru wa Zimbabwe miaka ya 1970. Nchi hii ilisimama na wenzake ikijua kuna gharama, na vijiji vya huku vilikuwa jirani na kambi zile.

Na sisi tusijifanye malaika. Huyo Mhindi wa manunuzi unayemsema, umewahi kumuuliza kazaliwa wapi? Wa kwetu alizaliwa Iringa, baba yake Iringa, na bado vijana wa stoo walikuwa wakimwambia arudi kwao Bombay. Oktoba 1961 bungeni walikuwepo waliotaka uraia uwe wa Waafrika peke yao, na Nyerere akatishia serikali yake kujiuzulu. Nenda pia kwenye makambi ya barabara, sikiliza tunavyowaigiza Wachina lugha yao mbele ya nyuso zao. Tofauti ni kwamba kijana wa stoo hana uwezo wa kumhamisha Mhindi kituo cha kazi. Uwezo huo ukiwa mikononi mwa mtu, kejeli inageuka njaa ya familia.

Cha kufanya wiki hii: usiandike barua peke yako. Tafuteni mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, mpate nakala ya kanuni ya geti na tarehe za matukio kutoka kwenye daftari, lalamiko liende kwa maandishi kupitia utumishi na mbaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Huyo Mzungu aombe ajenda kwenye kikao, azungumzie ya kwake. Wakipuuza, CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi) ipo Iringa mjini, na mnaanza kwa usuluhishi. Muda wa kupeleka mgogoro ni siku 60 tangu utokee, ila ukiachishwa kazi zinabaki 30 tu, na hapo ndipo wengi wanakwama kwa kusubiri huruma ya meneja. Fomu namba moja ya CMA, ya kufungulia mgogoro, haina ugumu. Ukiipata nitumie ujumbe, tuijaze pamoja, hasa kile kipengele cha nafuu unayoomba, maana wengi huandika "haki itendeke" na msuluhishi hajui awape nini.