Barua kwa mwanangu aliyekaa benchi

Mwanangu,

Ujumbe wako niliusoma usiku, nikaurudia asubuhi. Unasema goti limekukatalia, klabu inataka ubaki kama kocha msaidizi, nawe unaniuliza: "Mama, mtu aliyekaa benchi miaka yote atamwambia nini nyota, na nyota amsikilize?"

Mimi mpira wa kikapu wenyewe sijawahi kuudunda. Lakini kwa ajili yako nimekesha sana mbele ya televisheni, na mtu niliyemfuatilia kuliko wote ni Steve Kerr, mchezaji wa Marekani aliyekuja kuwa kocha.

Alicheza mechi 910 za NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, na alizoanza ni 30 tu. Goti lake lilichanika mwaka 1986 akiwa na timu ya Marekani kule Hispania, na 1988 alipochaguliwa kuingia ligi alikuwa wa 50 kwenye orodha. Wastani wake ni pointi 6 kwa mechi. Ila mitupo yake ya pointi tatu iliingia kwa asilimia 45.4, na hiyo ni rekodi ya NBA.

Kabla ya hayo yote alikuwa ameshafiwa. Januari 1984 baba yake, Malcolm Kerr, rais wa Chuo Kikuu cha Marekani cha Beirut, alipigwa risasi nje ya ofisi yake. Kijana alikuwa na miaka 18, mwaka wa kwanza chuoni Arizona. Siku mbili baadaye alicheza. Miaka minne mbele, mashabiki wa chuo pinzani wakamzomea kwa kifo hicho hicho. Alikaa akalia, kisha akaingia akatupa za pointi tatu sita kipindi cha kwanza, zote sita ndani. Mimi kama mzazi, kila nikiikumbuka hiyo nanyamaza kwanza.

Sasa turudi kwenye swali lako. Mwaka 1995, mazoezini na timu yake ya Chicago, nyota wao Michael Jordan alimpiga ngumi ya uso. Walikuwa wamejibizana, na Kerr hakurudi nyuma. Jordan akampigia simu kuomba radhi. Fainali ya 1997 dhidi ya Utah, mchezo wa sita, matokeo 86 kwa 86, Kerr alimwambia Jordan kabla ya shambulizi kuwa akiachwa wazi atakuwa tayari. Pasi ikaja, akafunga. Unaona, nyota alishamsikiliza kabla hajawa kocha.

Alistaafu 2003 na mataji matano. Akatangaza mpira, akawa meneja mkuu wa klabu ya Phoenix, na 2014 klabu ya Golden State wakampa timu aifundishe ilhali hajawahi kufundisha popote. Jambo la kwanza zito alilofanya ni kumwomba Andre Iguodala, aliyekuwa akianza kila mechi tangu aingie NBA, akubali kutokea benchi. Ombi hilo angelitoa nani, kama si mtu aliyeijua hiyo benchi? Kwenye fainali ya 2015 walikuwa nyuma kwa mechi 2 kwa 1. Kijana mmoja msaidizi, Nick U'Ren, akapendekeza Iguodala aanze. Kerr alikubali, wakashinda mechi tatu mfululizo, na mbele ya waandishi akasema wazi kuwa wazo halikuwa lake. Iguodala akawa mchezaji bora wa fainali.

Sikufichi, mwaka uliofuata walishinda mechi 73, rekodi, kisha wakaongoza fainali kwa mechi 3 kwa 1 wakalipoteza taji. Nilikasirika kama ni timu yangu! Lakini alirudi akachukua mengine 2017, 2018 na 2022, na dhahabu ya Olimpiki Paris 2024.

Basi wajibu watu wa klabu wiki hii. Waulize kabisa kama kocha mkuu anapokea wazo la msaidizi, maana usije ukawa wa kubeba mipira tu. Na yule chipukizi unayesema anakudharau, anza naye.

Goti umelipeleka kwa daktari, au bado unanizungusha?

Mama yako