Nimempita baba, au kazi ndizo zilizohama?

SWALI: Shikamoo, mzee. Baba yangu alikuwa seremala, mimi nina miaka 52 na ni mhasibu. Ukoo mzima unaniita "bosi". Mwanangu wa miaka 24 amemaliza chuo, sasa anapokea simu za wateja kwa mkataba wa miezi mitatu mitatu. Juzi baba kanitania: "Ngazi uliyoipanda, mjukuu wangu anaishuka." Sikucheka. Ni kweli tunashuka?

JIBU: Marahaba. Hesabu ya mzee wako ina kasoro, nawe mhasibu mzima umeipitisha! Kijana wa miaka 24 anapimwaje na mtu wa 52? Wanasosholojia Peter Blau na Otis Dudley Duncan walitumia majibu yaliyokusanywa mwaka 1962 kwa wanaume zaidi ya 20,000 wa Marekani (wanaume tu, mabinti waliachwa nje). Kila mmoja aliulizwa baba yake alifanya kazi gani yeye alipokuwa na miaka kama 16, kazi yake ya kwanza ilikuwa ipi, na sasa anafanya nini. Ya kwanza na ya sasa hazikuchanganywa. Ikaonekana pia kwamba msaada wa baba hupitia zaidi shuleni kuliko kazini moja kwa moja, na hapo wewe umeshatimiza wajibu wako.

Sasa huo ubosi. Mimi ni mtoto wa fundi cherehani, na kwa miaka mingi niliringa kwamba nimepanda kwa akili zangu. Lakini nilipoajiriwa, idara yetu ilichukua makarani saba kwa mpigo, na wanne tulikuwa watoto wa mafundi. Viti vilikuwa vingi kuliko watoto wa wakubwa! Mwanasosholojia John Goldthorpe na wenzake waliliona jambo hilohilo kwa wanaume wa Uingereza na Wales waliohojiwa mwaka 1972: kazi za ofisini zilipoongezeka, wengi walipanda, lakini mtoto wa meneja alibaki mbele ya mtoto wa kibarua karibu kwa umbali uleule wa zamani. Mwanao hajakosa akili uliyokuwa nayo wewe. Amekuta viti vimejaa.

Wachunguzi wengi humsubiri mtu afike miaka kama 35 ndipo wamhesabu, maana hapo kazi yake huwa imetulia. Mwambie mzee naye asubiri. Na umuulize: alipokuwa na miaka 24 alikuwa seremala, au alikuwa bado anamshikia fundi wake ubao?