Siku 11 za likizo na goti linalouma: Himalaya kwa mara ya kwanza uende wapi?

SWALI: Kaka habari. Mimi ni Mkenya, nafanya kazi hotelini hapa Doha na wenzangu wengi kazini ni Wanepali, wamenijaza hamu ya milima yao mpaka silali. Nina likizo ya siku 11, naweza kuichukua Agosti ama katikati ya Novemba. Mlima sijapanda zaidi ya Ngong Hills mara moja. Kuna wanaoniambia niende mpaka ile kambi ya chini ya Everest. Shida yangu goti la kushoto huniuma nikishuka ngazi, kupanda haliumi, na tena naogopa huu ugonjwa wa mwinuko. Ninunue Diamox, zile dawa za kuuzuia? Nianzie wapi?

JIBU: Dada yangu, nzuri. Swali lako nimelisoma mara mbili, maana goti umeliweka huko mwishoni kama jambo dogo na kwangu mimi ndo lenyewe. Naongoza wageni Kilimanjaro huu mwaka wa 14 na Nepal nimeshaenda mara tatu, na ukiniuliza kwenye zile njia fupi za kule watu wanakwamia wapi ntakujibu wanakwamia kwenye ngazi, ngazi za mawe, maelfu kwa maelfu, hewa ni habari ya baadaye. Kwa hiyo nikuchagulie njia kwanza afu turudi kwenye goti.

Everest iweke pembeni kwa sasa. Kambi ya chini iko mita 5,364, kwenda na kurudi salama ni siku 12 mpaka 14 na bado hujahesabu kukaa Kathmandu, na safari inaanzia Lukla ambako vindege vidogo vinatua ubavuni mwa mlima, wingu likishuka hakuna kuruka, watu wanalala pale siku mbili tatu wanaangalia juu. Mwenye siku 11 na bosi anayemngoja Doha asijiingize huko. Wewe nenda upande wa Annapurna, njia ya Ghorepani na Poon Hill. Unalala njiani usiku tatu tu, unalala gesti yenye kitanda na blanketi wala hubebi hema, na Poon Hill yenyewe ni mita 3,210. Kukipambazuka pale una Dhaulagiri kushoto, mita 8,167, mlima wa 7 kwa urefu duniani, kulia una Annapurna South na nyuma yake Annapurna yenyewe mita 8,091, na mbali zaidi kulia Machapuchare, mkia wa samaki ndo maana ya jina, ule hauruhusiwi kupandwa kwa sababu watu wa kule wanauhesabu mtakatifu. Mie nimesimama kileleni Uhuru, Kilimanjaro, mara nyingi kuliko ninavyokumbuka na bado asubuhi ile ya kwanza Poon Hill nilinyamaza kabisa.

Agosti hapana. Ni masika ya kule, mvua toka Juni mpaka Septemba, milima imejifunika, barabara inaporomoka, na ruba wanakupanda miguuni wanapenya mpaka ndani ya soksi. Chukua Novemba. Anga inakuwa safi, njia imekauka, baridi ya usiku Ghorepani inafika karibu na sifuri na wakati mwingine chini yake, ila mchana unatembea na fulana. Tena Novemba katikati Dashain inakuwa imeshapita, hiyo sikukuu yao kubwa inaangukia mwisho wa Septemba au Oktoba na ndo wakati wenzako wote hapo kazini wanagombania tiketi za kwenda nyumbani.

Haya, mwinuko. Nikupe kipimo cha kwetu. Njia ya Marangu, vibanda vya Mandara viko mita 2,720 na Horombo 3,720. Ghorepani unapolala ni kama mita 2,860, yaani umepita Mandara kidogo tu, na Poon Hill unaipanda alfajiri, unakaa saa moja hivi, unashuka. Mandara nimelaza watu miaka yote hii, wa kuumwa kichwa wapo, wa kuzidiwa ni wachache mno. Hatari yenyewe inaanza kuonekana kuanzia kama mita 2,500, kwa hiyo huendi mahali pa kupuuza, lakini pia si pa kukukosesha usingizi ukiwa Doha. Ngong Hills ulipopanda ulifika karibu mita 2,460 na ulirudi mzima, ila usijivunie hilo sana maana sa hivi unaishi usawa wa bahari na mwili umeshasahau.

Diamox kwa njia hii wengi hawaihitaji. Mimi si daktari, ya kumeza au kutomeza muulize daktari hapo Doha, na mwambie mapema kama una mzio wa dawa za salfa kwa sababu hiyo dawa iko kwenye ukoo huo. Inakukojoza sana pia, na choo cha gesti saa nane usiku kwenye ile baridi, acha tu. Dawa ya kwanza ni mwendo wa pole pole, Wanepali wanasema bistarai bistarai, neno moja na letu kabisa, na utalisikia mpaka ulizoee. Kunywa maji, kula hata kama hamu haipo. Kichwa kikiuma pamoja na kichefuchefu au kizunguzungu, husogei juu hata hatua moja mpaka kipoe, na kikizidi unashuka, hata kama ni usiku, hata kama zimebaki dakika kumi kufika. Mwambie mwongoza njia wako ukweli. Wengi wanaozidiwa ni wale wanaoficha kwa aibu ya kuonekana dhaifu.

Sasa goti. Lile linalouma kushuka tu wakati kupanda ni sawa, mara nyingi linasema misuli ya paja la mbele na ya nyonga haina nguvu ya kukushika, uzito wote unaangukia kwenye kifuniko cha goti. Nasema mara nyingi, sijaliona goti lako, kwa hiyo kabla hujalipia chochote nenda kwa mtu wa fiziotherapia alishike, siku moja tu. Akikwambia halina jeraha, una wiki za kutosha kulitengeneza. Simama kwenye kidato cha ngazi kwa mguu wa kushoto, ule wa kulia ushushe taratibu mpaka kisigino kiguse chini, hesabu moja mbili tatu wakati unashuka, rudi juu. Kumi, pumzika, kumi, pumzika, kumi. Halafu mguu mwingine. Goti lisikimbilie ndani, liangalie vidole vya mguu. Fanya hivyo siku tatu kwa wiki, wiki nane. Doha ni tambarare kama meza najua, ila maghorofa mnayo, panda kwa ngazi na USHUKE kwa ngazi, watu wa mazoezi wanapanda kwa miguu afu wanarudi na lifti wakidhani wamejiandaa, wakati kinachokuja kuwaumiza ni kushuka. Anza bila mzigo, wiki ya nne weka begi la kilo 5 mgongoni, na vaa buti zilezile utakazoenda nazo.

Kwa nini nakazania hivi, subiri nikwambie njia ilivyo. Ngazi za kupanda Ulleri zinajulikana, wenyewe wanasema zinapita 3,000, zinakutoa Tikhedhunga mita kama 1,540 mpaka karibu 2,000. Zile kwako si tatizo, utahema, utakaa, utaendelea. Tatizo liko siku ya tatu ya kutembea, ukishatoka Poon Hill, kutoka Deurali kushuka Banthanti. Ni msitu wa giza, maji yanatiririka pembeni, jiwe moja lina kimo cha tofali na linalofuata linakufika karibu na goti, kona zina ukungu wa kijani na miguu ya watu imeyalainisha katikati mpaka yanang'aa. Nilikuwa na mgeni pale, kijana tu, amepanda Ulleri anaimba, kufika hapo alishuka ngazi za mwisho kwa makalio, moja moja, machozi yanamtoka. Nilimchukulia begi nikampa fimbo zangu mbili na tulitumia muda karibu mara mbili.

Kwa hiyo fimbo za kutembelea ni lazima kwako, mbili, siyo moja. Kwenye kushuka zirefushe kidogo, zitangulie chini kwanza, zishike uzito, ndo mguu ufuate. Hatua fupi. Jiwe likiwa refu usiliruke, ligeukie upande ushuke kama unashuka kwenye dala dala iliyosimama vibaya. Ukisikia kengele simama, hao ni nyumbu wa mizigo, wale chotara wa punda na farasi, jiegemeze upande wa mlima, upande wa bonde waachie wao, mzigo wa nyumbu ukikugonga umesimama ukingoni unaondoka nao.

Ratiba ningekupangia hivi. Siku ya kwanza unaruka Doha mpaka Kathmandu, ndege za moja kwa moja zipo, saa yako uisogeze mbele saa mbili na dakika 45, ndiyo, 45, nchi yao iko hivyo. Siku ya pili vibali na kukodi vitu. Ya tatu Pokhara, kwa barabara ni kilomita kama 200 lakini inakula siku nzima, kwa ndege haifiki nusu saa, ukiweza lipia ndege. Ya nne jipu mpaka Tikhedhunga, unakula, mchana unapanda ngazi ukalale Ulleri. Ya tano Ghorepani, saa nne au tano za kutembea kwenye msitu wa lali gurans, ua lao la taifa, kwa Novemba utaona miti tu, maua ni Machi na Aprili. Ya sita unaamka kama saa kumi usiku, taa kichwani, karibu saa nzima ya kupanda, unaona jua linachoma theluji ya Dhaulagiri kuanzia juu, unarudi kunywa chai, halafu ndo kushuka kule nilikokusimulia, unalala Tadapani. Ya saba Ghandruk, kijiji cha Wagurung, nyumba za mawe, tembea humo taratibu, afu usishuke kwa miguu mpaka bondeni, chukua jipu Kimche, goti lako litakushukuru. Zinabaki siku tatu nne za Pokhara, za kurudi Kathmandu na ya akiba. Siku ya akiba usiifute, nakuomba.

Vibali ni viwili: cha hifadhi ya Annapurna rupia 3,000 na TIMS, kadi ya kusajili watembea milimani, rupia 2,000. Tangu Aprili 2023 sheria inataka mgeni awe na mwongoza njia mwenye leseni, na hata isingetaka wewe ningekwambia umchukue, kwa siku ni kama dola 25 mpaka 35. Viza ya siku 15 ni dola 30, wenye pasi ya Kenya wanaipata uwanjani.

Chukua na mpagazi, kwa ajili ya goti. Ila hapa naomba unisikilize kama mtu niliyeanza kazi nikibeba mizigo kichwani Machame. Kule wanabeba kwa mkanda wa kwenye paji la uso, wanauita namlo, mfano wa akina mama wa Kikuyu na kuni. Begi unalompa lisizidi kilo 12, angalia ana viatu na koti, uliza anakula wapi na analala wapi, na ahadi ya bakshishi mpe mwenyewe mkononi usipitishe kwa mtu. Ukiona kampuni inakwambia mpagazi mmoja anatosha watu watatu, tafuta nyingine.

Bima isome maandishi madogo, iandike mwinuko inaoufidia na iseme helikopta kwa jina. Na ukiwa na kichwa kinauma kidogo tu mtu akaanza kukuharakishia helikopta, kataa, piga kwanza namba ya bima, huo mchezo upo na umewatia watu hasara. Chakula kula dal bhat, wali na dengu, wanaongeza bila kulipisha tena. Nyama ukiwa juu iache, imepanda mgongoni mwa nyumbu bila friji. Slipingi bagi na jaketi zito kodi Thamel, mtaa wa wageni Kathmandu, au Pokhara, buti usikodi.

Wiki mbili kabla ya safari jipime: shuka ghorofa 40 kwa jumla, kwa awamu, ukiwa na begi, uone kesho yake goti linaamkaje. Likiwa kimya, nenda. Likivimba au likikunyima usingizi, usifute safari, badilisha njia tu: kutoka Pokhara nenda Dhampus na Australian Camp, mita 2,060, usiku mmoja au miwili, ngazi chache, Annapurna South na Machapuchare unaziona ukiwa umekaa nje na kikombe cha chai. Niandikie fiziotherapia akishakwambia kitu.