Tona ya maji ya waridi kwa ngozi inayowasha haraka

Dada, umeuliza kama tona ya maji ya waridi, yaani maji ya kupaka usoni baada ya kunawa, itakufaa, maana uso wako huwaka kwa kila kitu. Geuza chupa usome viambato. Huorodheshwa kwa wingi wake, kwa hiyo ukikuta "alcohol denat" (spiriti) au "parfum" (manukato) juu juu, irudishe ilikotoka. Gliserini ikifuata maji, hapo sawa. Yangu ya kwanza iliandikwa "laini" kwa herufi kubwa, ikanichonyota mashavu mpaka nikanawa mara mbili! Siku hizi napaka tone nyuma ya sikio siku mbili tatu kwanza, ndipo uso. Tena kwa kiganja, pamba inakwaruza. Na yale marashi ya kunyunyizia wageni harusini usithubutu, mengi ni manukato tu.