Maumivu ya kiuno: Je, mtaalamu anadhani ninajisingizia?

SWALI: Mimi ni fundi cherehani mkoani Morogoro, nina umri wa miaka 43, na kiuno kinaniuma mwaka wa pili sasa. Niliambiwa kwamba picha inaonyesha uti wa mgongo umeanza kulika. Nilipopelekwa fiziotherapia nilitarajia kuchuliwa, lakini mtaalamu alitumia muda mrefu kunihoji kuhusu usingizi, kazi na hofu zangu, akasema maumivu hutengenezwa na ubongo, kisha akanipa mazoezi ya kuinama. Je, anadhani ninajisingizia? Na kuinama hakutanimaliza kabisa?

JIBU: Hapana, dada, hadhani hivyo, ingawa nakubali kwamba kauli hiyo ikitolewa kwa haraka humfanya mgonjwa aone amedharauliwa. Maumivu yote, hata ya kidole kilichochomwa na sindano ya cherehani, hukamilika katika ubongo. Mishipa ya fahamu hupeleka taarifa ya hatari, nao ubongo huipima pamoja na uchovu, wasiwasi na kumbukumbu za nyuma, ndipo mtu anapohisi kuumia. Mwaka 1965 watafiti Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba taarifa hizo hupita kwenye aina ya lango ndani ya uti wa mgongo, ambalo linaweza kuzipunguza au kuziachia; ndiyo sababu mtu akijigonga kiwiko hukisugua na kupata nafuu.

Maumivu yanayozidi miezi 3 huhesabiwa kuwa sugu. Kwa wagonjwa wengi wa hali hiyo, mfumo wa fahamu huwa umezoea kujihami kupita kiasi, mithili ya king'ora cha gari kinacholia kwa sababu tu paka amerukia boneti. Kelele ni ya kweli, mwizi hayupo. Maswali kuhusu usingizi na hofu yalikuwa sehemu ya tiba, kwa kuwa kukosa usingizi na kuogopa kila mjongeo huzidisha wepesi wa king'ora hicho.

Kuhusu picha, uchambuzi uliochapishwa mwaka 2015, uliojumuisha vipimo vya watu 3,110 wasio na maumivu ya mgongo, ulionyesha kwamba takribani asilimia 68 ya wenye umri wa miaka 40 walikuwa na diski zilizochakaa, yaani vile vijito laini vilivyo kati ya pingili za mgongo. Natamani kila anayemkabidhi mgonjwa picha yake amweleze jambo hilo, kwa sababu neno "kulika" peke yake linatosha kumfanya mtu aache kuinama kwa miaka.

Mazoezi yenyewe hupangwa taratibu. Unaweza kuanza ukiwa umekaa kitini, ukitelezesha viganja kutoka mapajani hadi magotini huku ukitoa pumzi, na baada ya siku kadhaa ukafika kwenye miundi. Maumivu kidogo yanayotulia siku hiyohiyo au kesho yake kwa kawaida si ishara ya kuharibika. Kazini, kama kiuno huanza kulalamika baada ya dakika 40 za kushona, inuka dakika ya 25, ukiwa bado huumwi, utembee hadi mlangoni na kurudi. Najua ni vigumu msimu wa sare za shule, wateja wakiwa wamejaa, lakini kushona hadi usiku siku ya nafuu na kulala siku mbili zinazofuata ndiko kunakodumisha tatizo.

Kuchuliwa hakuna ubaya, ila nafuu yake huwa ya muda mfupi. Vidonge vya kutuliza maumivu vya diklofenaki usivimeze kila siku bila daktari, kwani huweza kudhuru tumbo na figo.

Rudi kwa mtaalamu wako, umwambie waziwazi ulivyomwelewa. Hata hivyo, usisubiri miadi endapo utashindwa kuzuia au kutoa mkojo, sehemu za siri zikifa ganzi, miguu ikilegea, au ukipata homa pamoja na maumivu hayo: nenda hospitali siku hiyohiyo.