Ekzosi ya pikipiki ya spoti: pima uzito na RPM kabla ya kusikiliza mlio

Fungua ekzosi ya kiwandani kwenye pikipiki ya spoti ya cc 1000, uibebe mzima mzima kutoka kichwa cha injini hadi mafla, yaani kopo la mwisho linalopunguza kelele. Kwa kataliti iliyomo ndani, kile kifaa kinachosafisha moshi, mara nyingi unabeba kilo 9 na zaidi. Mfumo wa titani unaokaa mahali pake unaweza kuwa kilo 4 au 5. Huo uzito unaopungua ni faida utakayoipata kwa hakika siku ileile ya kufunga. Hospawa hazina hakika hiyo, na mlio utauzoea ndani ya wiki mbili.

Sokoni kuna aina mbili. Ya kwanza ni sliponi: unabadilisha mafla ya mwisho na pengine kipande kifupi cha bomba kinachoishika. Heda (mabomba yanayotoka kwenye kichwa cha injini), kataliti na sensa ya oksijeni vinabaki vilevile. Ya pili ni mfumo mzima, kuanzia gasketi za kichwa cha injini hadi mdomo wa mafla. Sliponi kwa kawaida inaongeza hospawa 1 hadi 3, na mara nyingine haiongezi hata moja, kwa sababu kinachobana gesi ni kataliti na heda, navyo hukuvigusa. Mfumo mzima unaweza kukupa ongezeko la maana, lakini kwa sharti moja ambalo wauzaji wengi hulipitia kimyakimya: kompyuta ya injini lazima ipangwe upya. Hesabu gharama hiyo kabla hujauliza bei ya bomba. Kama fedha inatosha ekzosi peke yake, chukua sliponi nzuri ulale usingizi. Kwa anayeendesha barabarani tu, ndiyo tunayoipendekeza hata kama fedha ipo.

Kuna imani kwamba injini "inahitaji mgandamizo wa nyuma" ili isipoteze nguvu. Haiuhitaji. Inachohitaji ni gesi inayokimbia na mawimbi yanayorudi kwa wakati. Vali ya moshi inapofunguka, wimbi la mgandamizo hutimka ndani ya bomba kwa kasi inayozidi mita 500 kwa sekunde, kwa sababu gesi ina joto kali. Likifika mahali bomba linapopanuka, mfano kwenye kolekta, pale mabomba ya heda yanapoungana, sehemu yake hugeuka na kurudi nyuma kama wimbi la mvuto. Likifika kwenye vali wakati ile ya kuingiza hewa nayo imeshaanza kufunguka, linanyonya moshi uliobaki na kuvuta hewa mpya. Likiwahi au likichelewa, silinda inabaki na moshi wa mzunguko uliopita. Kwa hiyo urefu na upana wa bomba huchagua RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) ambazo injini itachangamka. Bomba pana kupita kiasi huifanya gesi itambae, na hapo ndipo toki ya chini, yaani nguvu ya kuzungusha kwenye RPM ndogo, inapopotea. Watu wakaona hilo, wakalitafsiri kuwa ni "kukosa mgandamizo".

Ndiyo maana kwenye injini ya silinda nne za mstari utaulizwa: nne-kwa-mbili-kwa-moja (mabomba manne yanaungana kuwa mawili, kisha moja), au nne-kwa-moja? Yoshimura, watengenezaji wa ekzosi wa Japani, waliipa umaarufu nne-kwa-moja kwenye mbio za miaka ya 1970, na muundo huo bado unatamba kwenye RPM za juu kabisa. Nne-kwa-mbili-kwa-moja hutandaza toki kwenye RPM za kati, na huko ndiko pikipiki ya barabarani inakoishi. Ukioneshwa grafu ya daino, mashine ya kupimia nguvu ya injini, usiangalie kilele. Funika kwa kiganja kila kitu kilicho juu ya 10,000, kisha linganisha mistari kati ya 4,000 na 8,000. Kama ekzosi mpya ina bonde hapo, utalikuta kila unapotoka kona na kila unapotaka kulipita lori. Grafu isiyo na mstari wa ekzosi ya kiwandani, au isiyosema kama kompyuta ilipangwa upya, ni tangazo tu.

Pikipiki nyingi za spoti zina vali ndani ya ekzosi, inayozungushwa na mota ndogo kwa waya mbili. Yamaha waliitangaza miaka ya 1980 kwa jina la EXUP, na wengine wakafuata. Kazi yake ni kuziba kiasi kwenye RPM za chini ili wimbi linalorudi kwa wakati mbaya lisifike kwenye silinda. Mifumo mizima mingi haina vali hiyo. Ukiitoa, ile mota iache kwenye plagi yake, au nunua kifaa kidogo kinachoihadaa kompyuta; ukiichomoa hivihivi, taa ya injini itawaka na pikipiki nyingine hupunguza nguvu zenyewe. Uliza pia kama ekzosi unayotaka inabakiza vali. Zipo zinazobakiza, na kwa barabara tunazipa alama ya juu.

Sasa petroli. Mchanganyiko unaoungua sawasawa ni hewa 14.7 kwa petroli 1 kwa uzito, na ukivuta mafuta yote injini hutaka karibu 13 kwa 1. Sensa ya kawaida ya oksijeni hurekebisha mchanganyiko ukiwa kwenye mwendo tulivu tu. Ukivuta yote, kompyuta hufuata jedwali lililoandikwa kiwandani kwa ajili ya ekzosi ya kiwandani. Ukiweka bomba linalopitisha gesi zaidi bila kubadilisha jedwali, mchanganyiko unakonda, yaani petroli inakuwa chache kwa hewa iliyopo: joto linapanda, pikipiki inasitasita ukianza kuvuta mafuta, na nguvu uliyoilipia haionekani. Dawa ni kuflashi kompyuta (kuiandikia jedwali jipya) au kuongeza moduli ya petroli, kisha kupima kwenye daino yenye sensa pana, ile ya oksijeni inayosoma mchanganyiko wowote. Usikubali "mapu ya jumla", yaani jedwali moja la petroli kwa aina yoyote ya ekzosi. Iwe imeandikwa kwa ekzosi hiyohiyo, pikipiki hiyohiyo, na filta ya hewa uliyonayo.

Milipuko midogo unapoachia mafuta si lazima iwe dalili ya mapu mbaya. Mara nyingi hewa inaingia kwenye kiungo, inakutana na petroli ambayo haikuungua, na vyote vinawaka ndani ya mafla. Pikipiki nyingi zina hata mfumo unaoingiza hewa safi kwenye ekzosi kwa makusudi, kupunguza uchafu wa moshi. Kagua viungo kwanza, ndipo umlaumu fundi wa kompyuta.

Kuhusu malighafi hatutakaa sana. Chuma kisichoshika kutu ni kizito lakini kinavumilia kugongwa, kinachomelewa popote, na bei yake ni ya kibinadamu. Titani ina takriban asilimia 57 ya uzito wa chuma kwa ujazo uleule, na hugeuka rangi ya bluu na zambarau inapopata joto. Kaboni faiba inapendeza kama ganda la mafla na haichomi mguu haraka, ila gundi yake haipendi joto la karibu na injini, na pikipiki ikianguka hupasuka badala ya kubonyea.

Kelele ni suala la sheria na la masikio. Ulaya, mafla iliyoidhinishwa kwa barabara ina mhuri wa herufi E ndani ya duara pamoja na namba ya nchi iliyotoa idhini: E1 ni Ujerumani, E3 Italia, E26 Slovenia. Mhuri huo unahusu modeli maalumu, kwa hiyo karatasi yake itaje pikipiki yako. Kipimo cha pikipiki iliyosimama huchukuliwa sentimita 50 kutoka mdomo wa bomba, kwa pembe ya nyuzi 45, injini ikiwa kwenye nusu ya RPM za nguvu ya juu. Ile koni ya kupunguza kelele iliyofungwa kwa boliti moja mdomoni, ukiitoa, idhini inakufa hapohapo, na aghalabu toki ya kati inashuka nayo. Mfumo mzima usio na kataliti ni wa uwanja wa mbio; kwenye nchi zinazopima moshi hautapita ukaguzi.

Kabla ya kulipa, linganisha namba ya kipuri na mwaka wa pikipiki. Modeli yenye jina lilelile inaweza kubadilisha nafasi za boliti au sehemu ya sensa kati ya toleo moja na jingine. Uliza pia: filta ya oili na boliti ya kumwaga oili vinafikika bila kufungua bomba? Stendi inakunjika bila kugusa? Mafla inaning'inia kwenye bano la kanyagio la abiria, na bano hilo unalo bado? Kwa ekzosi iliyotumika, itikise: kitu kikigonga ndani, bomba la matundu lililo ndani ya mafla limekatika. Kisha chunguza weldi ya sikio la kuning'inizia, maana ufa huanzia hapo.

Kufunga mfumo mzima kunataka subira zaidi ya nguvu. Usiku wa kabla, nyunyizia nati za kichwa cha injini mafuta ya kulegeza kutu. Kesho yake, injini ikiwa baridi, legeza robo mzunguko, rudisha kidogo, legeza tena. Stadi, ile boliti isiyo na kichwa inayoshika nati, ikikatika ndani ya aluminiamu, kazi ya saa tatu inageuka ya siku mbili. Weka gasketi mpya, moja kwa kila tundu, zikishikiliwa na tone la grisi zisidondoke unapopandisha heda. Nati zote zikaze kwa vidole tu, vaa kolekta na mafla, funga springi, hakikisha hakuna bomba linalolazimishwa kukaa mahali. Ndipo ukaze kuanzia kichwani kurudi nyuma, nusu mzunguko kila nati kwa kupishana, ukimalizia na spana ya kipimo kwa namba ya kitabu cha pikipiki. Kwa nati za M8 mara nyingi ni karibu Nm 20. Ukianza kukaza mafla kwanza, heda itakaa upande, gasketi moja itavuja, na utasikia tik-tik-tik injini ikiwa baridi. Usipake silikoni ya kawaida karibu na sensa ya oksijeni, inaiua.

Kabla ya kuwasha, futa bomba lote kwa spiriti. Alama za vidole kwenye titani hupikwa na kubaki kama picha. Moshi mwepesi wa dakika za kwanza ni mabaki ya mafuta ya kiwandani. Acha ipoe kabisa, kaza tena, na kagua kwa mara nyingine baada ya kilomita 100. Bonyeza pia suspensheni ya nyuma mpaka mwisho, mtu wa pili achungulie: tairi, mnyororo na kibao cha namba viwe na nafasi ya angalau milimita 10 kutoka kwenye bomba la moto.

Mafla yenye pamba ya kioo ndani itaanza kupayuka baada ya kilomita elfu kumi na kitu, na mapema zaidi kama inakwenda uwanjani. Ganda likianza kubadilika rangi doa moja, pamba imeungua hapo. Toboa ribiti kwa biti ya kipenyo chake, kwangua mabaki, zungushia bomba la matundu tabaka la nyuzi za chuma kisha pamba mpya bila kuishindilia, na ufunge kwa ribiti za chuma kisichoshika kutu. Za aluminiamu hulegea kwa joto.