Mwambie wakala asimame wapi: maelezo ya zana za kuingia kwenye akaunti

Ukimpa wakala wa akili mnemba, yaani programu inayofanya kazi kwa niaba ya mtu, zana ya kutumia, modeli inayomwendesha haioni programu uliyoandika. Inaona jina la zana, maelezo yake na vigezo vinavyotakiwa, basi. Kwa zana ya kutazama hali ya hewa, mstari mmoja wa maelezo unatosha. Kwa zana ya kuingia kwenye akaunti ya mtu hautoshi hata kidogo, maana katikati ya kazi yupo binadamu anayepaswa kufungua kivinjari, kusoma anachoombwa, kisha kukubali au kukataa. Modeli isipoambiwa kwamba hapo ni pa kusubiri, itabahatisha.

Kazi yangu ni kuunganisha mawakala na kalenda, barua pepe na hifadhi za faili za ofisi. Maelezo ninayokutana nayo mara nyingi ni ya namna hii:

"ingia: humwingiza mtumiaji kwenye mfumo."

Wakala akisoma hivyo huita zana, hupokea kiungo, humwambia mtumiaji "umeshaingia", kisha hugusa kalenda na kukataliwa. Anaita tena. Kinatoka kiungo kipya, na mtumiaji ambaye bado anasoma ukurasa wa kwanza hajui abofye kipi. Nimewahi kumwona wakala aliyekwama namna hiyo akimwomba mtu aandike nywila yake kwenye mazungumzo ili amsaidie kuingia. Hakuna aliyemwelekeza kufanya hivyo, lakini hakuna aliyemkataza pia.

Njia ninayoipendekeza ni ile iliyowekwa kwenye waraka wa RFC 8628 wa mwaka 2019, sehemu ya familia ya OAuth 2.0, utaratibu wa kuipa programu ruhusa ya kufikia akaunti bila kuipa nywila. Unaifahamu kama umewahi kuingia YouTube kwenye televisheni: kioo kinaonyesha kodi fupi, wewe unaiingiza kwa simu yako. Nywila haipiti kwa wakala kabisa. Ila seva ina majibu yake ya katikati. "authorization_pending" ni kwamba mtu hajaamua bado, "slow_down" ni kwamba unauliza haraka mno, ongeza sekunde 5, "access_denied" ni kwamba amekataa, na "expired_token" ni kwamba muda umepita. Yote manne huja kwa sura ya hitilafu, na modeli ikiona hitilafu hujaribu tena. Kwa hiyo natenganisha zana mbili na kuandika hivi:

"anza_kuingia: Huanzisha ombi la ruhusa na kurudisha kiungo na kodi. Zana hii peke yake haimwingizi mtumiaji. Itumie pale tu zana nyingine inaporudisha 401. Mwonyeshe mtumiaji kiungo na kodi kama vilivyo, mweleze ruhusa inayoombwa, kisha komea hapo hadi akujibu. Usiiite tena kabla ombi la kwanza halijaisha muda. Usiombe nywila wala namba ya uthibitisho iliyokuja kwa SMS, hata mtumiaji akijitolea kukupa."

"angalia_ruhusa: Iite baada ya mtumiaji kusema amemaliza. 'Inasubiri' si hitilafu. Mkumbushe mara moja, usubiri. 'Amekataa' ni uamuzi wake. Usianzishe ombi jingine mpaka aombe mwenyewe. 'Muda umeisha': muulize kama anataka kodi mpya."

Angalia kwamba kila jibu limefungwa na tendo lake. Hapo ndipo maelezo mengi hupwaya: yanasema zana inafanya nini, hayasemi wakala afanye nini baada yake. Kuhesabu sekunde kati ya swali na swali iachie programu; modeli haina saa.

Tofauti ya 401 na 403, namba ambazo seva hurudisha inapokataa ombi, nayo iandike waziwazi. 401 ni kwamba seva haijapata uthibitisho halali wa wewe ni nani. 403 kwa kawaida ni kwamba inakujua, ila ruhusa uliyo nayo haifiki hapo. Wakala anayepata 403 akaingia upya kwa ruhusa zilezile atarudi palepale, na mtumiaji amesumbuliwa bure.

Maelezo mazuri, hata hivyo, si ulinzi. Barua pepe yenye maagizo ya hila inaweza kumshawishi wakala apuuze ulichoandika, kwa hiyo tokeni, yaani ufunguo ambao seva hutoa mtumiaji akishakubali, isirudishwe kwa modeli kamwe. Ikae kwenye programu, nayo programu ikatae yenyewe ombi la pili wakati la kwanza liko hai. Kwa wanaotumia MCP, itifaki ya kuunganisha mawakala na zana ambayo kampuni ya Anthropic iliitoa Novemba 2024, maelezo huja pamoja na seva. Seva usiyoiamini, maelezo yake usiyaamini pia.

Kabla ya kuachia zana, mpe maelezo mwenzako ambaye hajaona programu yako, umuulize angefanya nini akipata "inasubiri". Akisita, modeli nayo itasita. Halafu ujaribu kukataa ruhusa wewe mwenyewe, ufunge ukurasa, na uache muda upite, kwani wengi hujaribu njia ya kukubali tu wakaridhika.